Kasongo Alirudi Bila DJ: Kwa Nini Seti za Afro House Nairobi Zinahitaji Ngoma za Kitambo

Cheki hii kitu. Mwisho wa 2024, wimbo wa miaka ya sabini ulikuwa umeshika Kenya yote. Ulikuwa TikTok, ulikuwa kwa nganya, ulikuwa kwa harusi, na hadi kwa siasa ukaingia. Tunaongelea "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe, bendi iliyotoka Zaire ikaja kutafutia maisha hapa Nairobi mwaka wa 1974. Vijana ambao hata wazazi wao walikuwa bado watoto wakati ngoma inatoka waliiimba bila kukosea, juu walikuwa wameamua hilo ndilo jina la kumpa Rais William Ruto. Wimbo wenyewe ni mke analilia bwanake arudi nyumbani. Gen Z wakaugeuza dongo la kisiasa, na klabu zikafuata.

Sasa jiulize swali moja. Nani aliirudisha hiyo ngoma? Si DJ. Hakuna DJ wa Westlands aliyeamka asubuhi akasema leo usiku naangusha Super Mazembe katikati ya seti, tuone kitaenda aje. Ilirudishwa na watoto wenye simu na utani mwingi. MaDJ waliipata ikiwa tayari moto, wakaishika kama kila mtu mwingine.

Hapo ndipo kuna stori. Kwa miaka mingi, ukiuliza DJ wa sherehe za elektroniki mbona hachezi ngoma za kitambo za huku kwetu, jibu limekuwa lile lile: "Wasee hawataki." Baada ya Kasongo, hilo jibu limekufa. Wasee walitaka, tena sana. Walikuwa tu hawajapewa.

Ya zamani ya nani?

Kabla hujasema Nairobi haichezi ngoma za zamani, tulia kidogo. Huu mji unapenda ya zamani kupita kiasi. Kuna usiku wa old skul karibu kila wiki. Ingia yoyote na unajua utakachopata: R&B ya Marekani ya miaka ya tisini, hip hop ya enzi za suruali kubwa, dancehall ya Jamaika ya mwanzo wa elfu mbili. Reggae ina Jumapili yake na hakuna wa kuigusa. Usher na Sean Paul wako salama kabisa hapa, hawahitaji mtetezi.

Upande ule mwingine kuna sherehe za Afro house na amapiano. Huko mambo ni kinyume. Ngoma ikimaliza miezi sita inaonekana imezeeka. DJ anashindania kuwa na wimbo ambao haujatoka, ule ametumiwa na prodyusa moja kwa moja, na wewe hapo chini unashindwa kuutambua hata na simu.

Katikati ya hizo pande mbili kuna shimo, na ndani ya hilo shimo ndiyo tumetupa muziki wetu. Les Wanyika hawachezwi usiku wa old skul, juu old skul imekuwa jina lingine la Marekani na Jamaika. Hawachezwi usiku wa house pia, juu huko ni mambo ya kesho. Wameachiwa Radio Citizen ya Jumamosi, pale Fred Obachi Machoka na Roga Roga yake wamebeba huo mzigo miaka na mikaka, na klabu chache za rumba ambako ukiingia ukiwa na miaka ishirini na mbili kila mtu anageuka kukuangalia.

Kwa hivyo swali la kama DJ anafaa kuchanganya ya kitambo na ya elektroniki limekuwa likiulizwa nusu nusu. Ngoma za kitambo tunazo tayari kwa deki. Tunachokosa ni zetu. Na ukiniuliza, mtu wa kuziba hilo shimo ni DJ wa elektroniki kuliko mwingine yeyote, na nitakuonyesha kwa nini.

House ni mtoto wa santuri kuukuu

Hii dhana kwamba house ni muziki wa kesho usioguswa na jana, waanzilishi wake wangeicheka.

Rudi Chicago, mwaka wa 1977. Frankie Knuckles anaanza kucheza kwa klabu inayoitwa Warehouse. Miaka miwili baadaye, Julai 12, 1979, watu wanajaza uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini humo kulipua santuri za disko katikati ya uwanja. Walikuwa wanasema disko imekufa. Kampuni za muziki zikaanza kukimbia disko. Lakini pale Warehouse, watu, wengi wao weusi na mashoga, bado walitaka kudensi. Knuckles akafanya nini? Alichukua zile zile santuri ambazo wengine walikuwa wanachoma, akazikata kwa tepu, akarefusha sehemu tamu, na baadaye akaziwekea mdundo wa mashine chini. Watu wakaenda madukani kuulizia ile miziki ya Warehouse. Jina likafupishwa likawa house.

Umeona? Muziki unaouita mpya ulizaliwa na DJ aliyekataa kutupa ya zamani. Hip hop nayo ni hivyo hivyo: Agosti 1973 kule Bronx, Kool Herc alikuwa anarudia vipande vya ngoma ndani ya santuri za funk za watu kama James Brown. Na amapiano, ile imetuteka yote, ilikua kwa vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, kwenye miaka ya 2010, ikipikwa na deep house, jazz na kwaito. Kwaito yenyewe ilikuwa house iliyopunguzwa mwendo. Kila hatua ya huu muziki kuna mtu alikuwa na mkono mmoja kwa kabati la wazazi.

DJ wa Nairobi anayecheza amapiano masaa matatu bila kugusa ngoma moja ya Nairobi ya zamani anafaidi kazi ya vijana wa Afrika Kusini waliochimba kabati lao. La kwake ameliwekea kufuli.

Wenzetu washaona

Na usidhani kabati letu ni tupu. Wageni wamekuwa wakilifungua siku nyingi.

"Helule Helule" ya Daudi Kabaka ilirudiwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, mwaka wa 1968, na ikapanda chati za huko. Mwaka wa 2018, Kanye West alipotoa albamu yake ya "ye", wimbo wa "Yikes" ulijengwa juu ya kipande cha "Kothbiro" ya Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya sabini aliyokuwemo Ayub Ogada. Ogada alifariki mwezi wa Februari mwaka uliofuata. Kuna Wakenya wengi walioijua hiyo sauti kwa Kanye kabla ya kujua ni ya jirani yao.

Hapa nyumbani pia kuna watu washaelewa. Coco Em, DJ na prodyusa wa Nairobi, amejijengea jina kwa kuchanganya lingala na benga na midundo ya kisasa ya elektroniki, na EP yake ya 2022 aliipa jina la Kilumi, ngoma ya jadi ya Wakamba. KMRU, ambaye sasa ni jina kubwa la muziki wa elektroniki wa pole pole Ulaya, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mkongwe wa nyimbo za Kikuyu aliyeimba hadi kuhusu mauaji ya JM Kariuki wakati kuongea kulikuwa hatari. Mzee alifariki 2018. Mjukuu amekuwa akisafisha rekodi za guka na kuzitoa tena mtandaoni, huku albamu zake mwenyewe zikiwa hazina hata gitaa la benga. Kazi zote mbili zinatoka kwa mtu mmoja na hakuna iliyoharibu nyingine.

Halafu kuna arbantone. Huu mtindo umejengwa juu ya kuchukua ridimu za dancehall za kitambo na ngoma kali za Kenya za enzi za genge, kuzipiga mdundo mpya, na kurusha. Mtoto wa shule anadensi arbantone bila kujua kwamba sehemu inayomwinua mikono iliimbwa kabla azaliwe. Yaani ya zamani iko kwa spika tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kusema, "Hii mnayopenda, sikieni ilikotoka," halafu acheze ile yenyewe.

Huyo mtu ni DJ. Prodyusa atakupa kipande cha sekunde nne. DJ ndiye anaweza kukupa wimbo mzima, saa nane usiku, kwa spika kubwa, ukiwa na marafiki zako. Hiyo hata YouTube haikupi.

Wanaokataa wana pointi pia

Tuwe wakweli, kuna sababu nzuri za kukataa.

Ya kwanza ni nafasi. Prodyusa wa Kenya wa leo anahangaika. Ametengeneza ngoma kwa laptop ya mkopo, redio haimchezi, na tumaini lake la pekee ni DJ. Kila dakika unayompa marehemu, unamnyima aliye hai. Hiyo ni kweli. Lakini angalia seti nyingi za Nairobi na uhesabu: ni nyimbo ngapi zilikuwa za prodyusa wa Kenya, za leo au za jana? Mara nyingi chache sana. Nafasi iko, imekaliwa na ngoma za nje ambazo kila DJ mwingine pia anazo. Ukitoa tatu za hizo, hujamnyima kijana wa Umoja chochote.

Ya pili ni uvivu. Kuna DJ akiona watu wamepoa anakimbilia wimbo ambao kila mtu anaujua, kelele zinarudi, anajipongeza. Hiyo ni kujiokoa tu. Ukicheza "Malaika" ili watu watoe simu, hujafundisha mtu kitu. Wimbo wa kitambo unafaa kupata nafasi yake kwa sababu unasukuma seti mbele, vile vile kama mpya.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi: ngoma za kitambo zinaweza kuua mwendo. Seti ya Afro house inapanda pole pole kama mtu anachemsha githeri. Mdundo umetulia kwa mapigo 120 hivi kwa dakika, saa nzima, hadi mwili unasahau. Halafu ghafla unaleta rekodi ya 1979 yenye gitaa jembamba na besi ambayo haifiki tumboni. Watu wanaenda kununua maji.

Hiyo ya tatu haina jibu la maneno. Jibu lake ni la mikono.

Kazi iko hapa

Rekodi za zamani zina shida nne, na kila DJ anafaa kuzijua kabla ajaribu.

Moja, mpiga ngoma alikuwa binadamu. Hakuna mashine iliyokuwa inamshikia mwendo, kwa hivyo wimbo unaanza na spidi moja na kumaliza na nyingine. Ukibonyeza kitufe cha kulinganisha na uende kujibamba, baada ya dakika moja ngoma mbili zinagongana kama mathree kwa raundabauti. Lazima ushike kwa mkono, au ukae chini nyumbani upange mapigo ya wimbo wote moja moja.

Mbili, sauti iko chini. Ngoma za leo zinatengenezwa zikiwa zimejazwa hadi pomoni. Ya kitambo inahitaji kuongezewa nguvu na kurekebishiwa besi kabla iingie, si baada ya watu kuuliza nani amezima spika.

Tatu, haina mlango. Ngoma ya house ina mdundo mtupu mwanzo na mwisho ili DJ aunganishe. Les Wanyika hawakurekodi wakifikiria DJ. Gitaa linaanza, mtu anaimba, wimbo unaisha kwa kufifia.

Nne, nakala mbovu. Hizi za kupakua zilizorekodiwa kutoka kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kwa redio, kwa spika kubwa zinasikika kama mtu anakaanga samaki.

Zote zina dawa. Tangu 2022, Serato imekuwa na uwezo wa kutenganisha sauti, besi na ngoma za wimbo wowote hapo hapo kwa deki. Maana yake unaweza kutoa ngoma za 1979, ukaacha gitaa na sauti, halafu ukaziweka juu ya mdundo wa Afro house unaoendelea. Na utamu ni kwamba nyimbo zetu zimejengwa kwa hii kazi. Rumba na benga zina ile sehemu ya gitaa inayozunguka baada ya kuimba, ile Wakongo wanaita sebene. Inajirudia, inapanda, hairudi kwa kiitikio. Hiyo ni akili ya house kabisa, ila imepigwa na vidole. DJ mwerevu haanzi wimbo mwanzo. Anaingia kwa sebene, anaifungia izunguke, anaipandisha, na watu wakishazama anaachilia sauti.

Na kuhusu nakala, kuna Kenyatta Market. Jimmy Rugami ameuza santuri hapo miaka mingi, na maDJ wa kutoka Ulaya wanapanda ndege kuja kuchimba kwa mabanda yake. Wewe unapanda mathree tu.

Tuongee doo

Hapa ndipo mambo yanakuwa serious, juu wimbo wa kitambo una mwenyewe.

Kisheria, kwa Kenya haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Daudi Kabaka alifariki 2001. Fadhili William pia, mwaka huo huo. Hesabu: hadi mwisho wa 2051, tungo zao ziko chini ya sheria, na familia inafaa kula. Haki ya rekodi yenyewe ni tofauti, hiyo ni miaka 50 tangu irekodiwe, kwa hivyo rekodi nyingi za mwanzo wa sabini zishatoka au zinatoka. Lakini utunzi bado. Anayekwambia "hiyo ni ya zamani, ni ya bure" anakudanganya nusu.

Klabu inalipa leseni kwa vyama vya kukusanya mirabaha: vya watunzi, vya maprodyusa, na vya waimbaji na wapigaji. Vurugu za hivyo vyama unazijua, wasanii wamelia miaka kwamba wanatumiwa pesa za kununua sukari. Lakini kuna tatizo moja ambalo halisemwi sana: kama hakuna orodha ya kilichochezwa, pesa itagawanywa kwa kukisia. Na kukisia kunafaidi waliokwisha kuvuma. Mjane wa mpiga gitaa wa River Road, ambaye wimbo wa bwanake umechezwa mara tatu Jumamosi, hana njia ya kuonyesha.

Sasa sikia. Serato na rekordbox zinaweka historia ya kila wimbo uliocheza. Iko tayari kwa laptop. DJ anaweza kuitoa kama faili na kumpa meneja wa klabu aitume pamoja na malipo ya leseni. Ni dakika tano za kazi. Haitamaliza shida za mirabaha, lakini itaondoa kisingizio cha "hatukujua nini kilichezwa." Na orodha hiyo hiyo inamsaidia kijana wa Umoja mwenye laptop ya mkopo. Yeye na yule mjane wanapoteza pesa kwa njia moja.

Basi ifanyike aje?

Si lazima kila seti iwe makumbusho. Kwa seti ya masaa mawili unacheza kama nyimbo thelathini hivi. Tatu ziwe za kwetu za kitambo. Moja iwe ya genge au kapuka, juu hiyo nayo imezeeka. E-Sir alitutoka Machi 2003 na kuna watu wazima wenye vitambulisho ambao hawajawahi kumsikia kwa spika kubwa. Moja iwe rumba au benga. Ya mwisho iwe kitu ulichochimba mwenyewe, lugha yoyote, kaunti yoyote.

Halafu useme jina. Maik iko hapo kila wakati, tunaisikia ikitumiwa kusalimia meza zilizonunua chupa kubwa. Sekunde tatu zinatosha kusema hawa ni Les Wanyika, hii ni Nairobi. Au weka jina kwa skrini. Mtu akilijua jina anaweza kulitafuta kesho, na akilitafuta, mwenye wimbo anaonekana.

Na wewe mwenye kulipa mlangoni, una kazi pia. DJ anasoma watu. Ukisimama na kuzomea sekunde kumi za kwanza za gitaa usilolijua, hatajaribu tena. Mpe dakika moja. Kasongo ulimpa miezi miwili, na hakukuangusha.

Tuambie basi: DJ akikupa nafasi ya wimbo mmoja tu wa kitambo, wa Kenya, saa nane usiku, katikati ya Afro house, ungetaka upi? Na usiseme "Malaika."